Dedilaini ya Fundi Kesho

Mama mwenzangu, mtoto wako akirudi kutoka shule na neno jipya, lihoji neno hilo mlangoni. Usilikaribishe ndani kwa sababu tu limevaa viatu safi. Kwetu liliingia hivyo, tukalipa kiti, na kabla hatujalizoea likaanza kutupa amri. Neno lenyewe ni dedilaini. Nakuandikia ujihadhari, maana nusura linipokonye mtoto, na mpaka leo kuna siku naamka sijui kama Jumatatu ni Jumatatu kweli au ni ya kusemwa tu.

Mume wangu ni fundi cherehani. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, lina meza ya kukatia, cherehani cha miguu karibu na dirisha, kile kidogo cha mkono juu ya kabati, pasi ya mkaa, na benchi ambalo wateja wamelikalia mpaka likang'aa. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, naye huitika. Si mvivu, nisimsingizie. Suruali aliyoshona yeye ikikukaa, unatembea kama mwenye nyumba. Shida yake ni tarehe. Kwake yeye tarehe ni neno la kuagana na mteja kwa wema, kama vile mtu anavyosema nenda salama. Akikwambia Ijumaa, anachomaanisha ni kwamba amekupenda.

Wateja walimjua. Mwenye harusi mwisho wa mwezi alimwambia harusi ni katikati ya mwezi. Mwenye safari ya Jumapili alisema ni Jumapili ya kabla yake. Na mume wangu naye akajua kwamba wanajua. Mtu akisema siku, yeye anaongeza wiki kichwani, kisha anatulia. Kwa hiyo kila nguo dukani ilikuwa na siku mbili, ya mdomoni na ya kichwani. Uongo wa huku ukikutana na uongo wa kule wanapeana mikono katikati, na nguo inatoka. Watu walivaa, watu waliolewa, watu walisafiri. Sikuwahi kuona tatizo.

Ndipo binti yetu mdogo akamaliza shule, akakaa nyumbani akisubiri matokeo. Na hapo ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, akapiga simu. Ana duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine na anataka mtu wa kusimama kaunta.

"Mlete mtoto anisaidie kidogo," alisema.

Hiyo kidogo yake naijua. Binti yangu mkubwa alikwenda huko kusaidia kidogo. Sasa akija nyumbani hubisha hodi kama mgeni na kuniuliza vijiko viko wapi. Sijamlaumu mtu. Lakini huyu mdogo ndiye aliyebaki, na mimi moyo wangu hauna spea.

Nikamwomba mume wangu. Hakukataa, hakukubali. Alitoa pini mdomoni akasema, "Kama duka lina kazi naye, abaki. Kama hana kazi hapa, aende kwa shangazi yake. Mtoto hawezi kukaa bure kama kioo."

Basi mtoto akaitafuta kazi. Alikata makasha ya karatasi ngumu vipande vidogo, na kila nguo iliyoingia akaibana kipande kwa pini. Juu jina la mteja, chini yake vipimo, na chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizonyooka, dedilaini na tarehe.

Baba yake aliokota kimoja akakitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Hii nini, mama?" Humwita mama, kwa kuwa ana jina la mama yake.

"Ni siku ya mwisho, baba."

"Ya mwisho ya nani?"

"Ya kazi. Nguo inatakiwa iwe tayari siku hiyo au kabla. Siku ikipita, tumechelewa."

"Kuchelewa nakujua. Hakuhitaji Kiingereza."

"Ndiyo maana nimeandika, baba. Ili isisogezwe."

"Mimi sijawahi kusogeza siku," alisema mume wangu. "Siku husogea zenyewe."

Nilicheka, lakini ndani sikuelewa mbele wala nyuma. Na sikuwa peke yangu. Kinyozi wa jirani alikuta kipande kwenye kitambaa cha suti yake akafikiri ni kama tarehe ya kwenye chupa za dawa, kwamba siku hiyo ikipita kitambaa kimeharibika. Akaja mbio kukiokoa. Muuza mkaa aliuliza ikiwa akichelewa kuchukua shati lake atapigwa faini. Wengine waliniuliza mimi, na kwa kuwa sikutaka binti yangu aonekane amekosea, nilijibu kila mtu ndiyo.

Mtoto alipoona hivyo akabandika tangazo ukutani, juu ya pasi. Liliandikwa hivi: Mteja, sema tarehe yako ya kweli. Fundi atamaliza kabla yake.

Mume wangu alilisoma mara mbili.

"Nani kasema fundi atamaliza?"

"Mimi, baba."

"Umemwuliza fundi?"

Mtoto akacheka. Baba yake hakucheka sana.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Mapacha. Huyu ni jirani yetu wa nyuma, na kwa uongo wa tarehe hana mpinzani. Siku moja alimwambia mume wangu mazishi ni Alhamisi wakati mgonjwa bado anakunywa uji. Safari hii amekuja na vitambaa vya sare. Mapacha wake wawili, Mkubwa na Mdogo, wamepata nafasi katika shule ya bweni, na kule asiye na sare kamili haingii hata kwa kupita dirishani. Anapewa sanduku lake getini na nafasi yake anapewa mwingine.

Mama Mapacha aliketi kwenye benchi akalisoma tangazo. Alilitazama muda mrefu, kama mtu anayepimwa macho.

"Hili la kweli?" akamwuliza binti yangu.

"La kweli, mama."

"Basi leo na mimi naokoka. Kuripoti ni Jumatatu inayokuja. Andika hivyo hivyo, mwanangu. Jumatatu."

Binti yangu akaandika, akabana. Mume wangu alikuwa palepale kwenye cherehani, mguu unakanyaga, macho kwenye sindano. Alisikia kila neno. Akatabasamu peke yake.

Mama Mapacha alipotoka, nikamwuliza anachekea nini.

"Jumatatu ya Mama Mapacha," alisema, "kwa watu wengine ni Jumatatu inayofuata."

"Lakini ameona tangazo."

"Kaona. Na mimi nimemwona yeye."

Mama mwenzangu, hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka kama pia. Maana wote wawili nawajua, na wote wawili walikuwa na uso wa mtu anayesema kweli. Siku ya Alhamisi mtoto akamkumbusha baba yake kuhusu sare. Akajibiwa kwa upole kwamba tuna wiki nzima.

"Karatasi inasema Jumatatu, baba."

"Karatasi inasema alichosema mtu. Na mtu mwenyewe namjua tangu kabla hujazaliwa."

Mtoto akanitazama mimi. Ningesema nini? Nikisema baba yako kakosea, nimemwaibisha mwenye nyumba kwenye kiti chake. Nikinyamaza, na Jumatatu ikawa ya kweli, mtoto hana kazi dukani na wifi yangu anakuja kumchukua. Nikasema nitakwenda kumwuliza Mama Mapacha mwenyewe. Nikaenda. Nikamkuta anashona jina kwenye shuka.

"Jirani," nikamwambia, "ile Jumatatu yako ni ipi?"

"Ni hii."

"Hii hii?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Nimesema kweli, nimejisikia vizuri, nimelala usingizi. Msinirudishe nyuma."

Nikarudi kwa mume wangu nikamwambia, amesema ni hii. Akasema, "Angesema nini kingine? Anayeongopa hukiri kwa jirani?" Na kweli, nikaona hilo nalo lina akili. Nikaenda jikoni nikasimama katikati, nimeshika mwiko, sikumbuki nilichokuwa napika.

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Vitambaa vya mapacha vilikuwa vimekunjwa kwenye rafu, na kile kipande cha mtoto kimesimama juu yake kama bendera.

Jumatatu asubuhi nilisikia gari likiunguruma nje. Lilikuwa gari dogo la mizigo. Nyuma kulikuwa na masanduku mawili ya bati, magodoro mawili yaliyofungwa kwa kamba, ndoo mbili, na mapacha wawili wamekaa juu ya vitu vyao wakiwa wamesukwa nywele kichwa kizima. Mama Mapacha akaingia dukani akiwa amevaa nguo ya kutokea.

"Fundi, nipe tupite zetu."

Mume wangu alisimama. Akatazama rafu. Akamtazama yeye.

"Nikupe nini?"

"Sare."

"Si tuna wiki?"

"Wiki gani?"

"Wiki yako. Ile unayoongopaga."

"Safari hii sikuongopa. Mwanao kaandika pale."

"Mbona hukuniambia kwamba hukuongopa?" mume wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa kweli. "Miaka yote unanidanganya, nimezoea, nimejipanga. Leo unasema kweli bila taarifa?"

"Niongeze taarifa gani juu ya kweli?"

Mama Mapacha akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. Wale mapacha walikuwa wameshuka, wamesimama mlangoni wameshikana vidole, na Mdogo akauliza taratibu, "Kwa hiyo hatuendi?"

Binti yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika mkasi. Alivuta kile kitambaa cha kijani, akakitandaza mezani, akamwambia baba yake, "Baba, dedilaini ni leo. Leo bado ipo. Kata."

Mume wangu akakata. Nimeishi naye muda mrefu sikujua kwamba mkono wake una mwendo ule. Mtoto akashona sketi, mimi nikapanga marinda na kuyapiga pasi, Mama Mapacha akapuliza mkaa huku akituapiza kwa sauti ndogo. Mapacha walivua na kuvaa, kuvaa na kuvua. Dereva wa gari akaja kuchungulia mlangoni.

"Jamani, na mimi nina ahadi za watu mchana."

"Ziongezee wiki," Mama Mapacha akamwambia.

Jua lilipopita utosini tulikuwa na sketi mbili, blauzi moja nzima, na blauzi nyingine ambayo bado ilikuwa mikono upande huu, kola upande ule. Shule iko mbali. Geti lake hufungwa jua likizama. Dereva akasema anaondoka, mwenye kubaki abaki.

Mume wangu akapanda juu ya kiti, akakishusha kile cherehani cha mkono kutoka juu ya kabati, akakipuliza vumbi, akatoka nacho nje na kukipandisha kwenye gari. Kisha akapanda yeye. Fundi Kesho, ambaye wateja humfuata mpaka viatu vinaisha soli, siku hiyo yeye ndiye aliyemfuata mteja. Binti yangu akapanda na uzi na vifungo. Na mimi nikapanda, kwa sababu ningebaki kufanya nini?

Getini kulikuwa na foleni ya wazazi na masanduku. Matroni, mama mmoja mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa anakagua mtoto mmoja mmoja kuanzia kola mpaka soksi. Mume wangu aliweka cherehani juu ya sanduku la Mkubwa, akakalia sanduku la Mdogo, akaanza. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unaongoza kitambaa, na binti yangu amepiga magoti vumbini anatoboa matundu ya vifungo. Wazazi wakatuzunguka. Mmoja akauliza kama hii ni huduma ya shule.

Mkubwa alikuwa na sare kamili. Matroni akamkagua, akamwambia aingie. Akaingia hatua chache, akageuka, akashika nondo za geti kutoka ndani.

"Namsubiri mwenzangu."

"Mwenzako hana blauzi," matroni akasema.

"Inakuja. Ile pale."

Matroni akavaa miwani, akaja mpaka alipokaa mume wangu. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

"Baba, barua yetu iliwafikia lini?"

"Haikunifikia mimi," mume wangu akasema bila kuinua kichwa. "Ilimfikia mtu mwongo."

"Aliyeokoka," Mama Mapacha akasema nyuma yake.

Nilitaka ardhi inimeze. Matroni alitazama jua. Lilikuwa limefika juu ya paa la bweni. Akatazama tena ile blauzi.

"Barua inasema mwisho ni leo," alisema. "Jua likizama, mimi sina la kufanya. Halijazama, nanyi shoneni."

Akarudi getini akaendelea na kola za watu. Mume wangu akaunga mkono wa kushoto. Binti yangu akashona kifungo cha kwanza, cha pili. Mdogo alikuwa amesimama na fulana ya ndani, mikono ameikunja kifuani, machozi yanamtoka bila sauti. Kengele ikalia ndani. Mlinzi akaanza kusukuma geti, na lile geti lilikuwa zito, linasaga chini, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kitu kinachokwenda polepole. Mume wangu akakata uzi kwa meno. Mdogo akavalishwa huku anakimbia, kifungo cha mwisho akakifunga matroni mwenyewe. Aliivuta ile kola, akaigeuza, akatazama mishono ya ndani.

"Nani fundi wenu?" akauliza.

Sisi wote tukanyamaza. Kwa mazoea, nafikiri.

Tulirudi na gari lilelile mpaka likaingia mtaani kwetu. Ndipo mume wangu akasema, kama anaongea na cherehani kilichokuwa mapajani mwake, "Karatasi yako ina kasoro, mama."

Nikamshika mtoto mkono. Nikajua sasa ndiyo anamwambia afungashe.

"Ipi, baba?"

"Umeandika siku ya mteja. Siku ya fundi hakuna aliyeniuliza. Mtu huwezi kumwandikia mwisho wake hujamwuliza."

Mtoto alifikiri. "Nikikuuliza utasema kweli?"

Mume wangu akapangusa vumbi kwenye cherehani. "Uniulize taratibu," alisema.

Tangu hapo kile kipande kina maneno mengine. Kimeandikwa dedilaini ya fundi, na tarehe aliyoitamka yeye mwenyewe, tena kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Ukitaka kuliandika neno hili nyumbani kwako, mama mwenzangu, liandike hivyo. Weka kazi ni ipi na ni ya nani, na huyo mwenye kazi awe ameitaja siku kwa mdomo wake. Ukiliacha peke yake na tarehe, kila mtu atalivisha nguo yake.

Usifikiri sasa kuna amani. Wateja wengi bado wanaongopa wiki yao, na mume wangu amekwisha acha kuiongeza, kwa hiyo nguo zinatoka mapema na kuleta balaa jipya. Kinyozi alipata suti yake zamani kabla ya harusi, akainenepea. Muuza mkaa aliambiwa shati liko tayari, akashtuka, akauliza nani amekufa. Mimi nikiulizwa saa, naangalia kwanza nani anauliza.

Kisha jana wifi yangu akapiga simu. Mume wangu akaweka sauti ya nje, akaendelea kupiga pasi.

"Kaka, yule mtoto unamleta lini? Nasubiri mpaka nimechoka."

"Kesho," mume wangu akasema.

Simu ikakatwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba nguo za kufua, zikaniponyoka. Zamani ningeyasikia maneno hayo nikalala fofofo, maana kesho ya mume wangu haijawahi kumfikisha mtu popote. Lakini si ndiye huyu anayetaja siku sasa na kuzitimiza? Si ndiye aliyepanda gari na cherehani? Nilikwenda chumbani, nikatoa begi la mtoto chini ya kitanda, nikaweka gauni, nikalitoa, nikaliweka tena. Mwisho nikashindwa. Nikarudi dukani nikasimama mbele yake.

"Mume wangu. Hiyo kesho uliyomwambia dada yako ni ipi? Ya sasa, au ile yako?"

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Kwenye meza ya kukatia, binti yetu alikuwa ameinama anapima kitambaa cha mtu, utepe shingoni, na kalamu nyuma ya sikio. Baba yake alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Ile yangu," alisema.

Nikaenda nikalirudisha begi chini ya kitanda. Ila sijatoa lile gauni. Bado nasikilizia.